Mchezo Niliosimuliwa

Mwaka niliofiwa na mume wangu ndio mwaka binti yangu alipopewa nafasi ya kuigiza kikongwe wa Kiirishi kwenye ukumbi wa chuo chao, Braamfontein. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alirudi nyumbani Rosettenville, huku kusini mwa Afrika tulikohamia, na makaratasi ya mchezo yaliyobanwa kwa waya, akakaa chini karibu na godoro langu, akanipa habari ile kwa sauti ya chini, maana nyumba ilikuwa bado ya msiba na hakujua kama inaruhusiwa kufurahi. Nikamwambia inaruhusiwa. Uhakika sikuwa nao, lakini nilishachoka na habari za kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa.

Nilikuwa kizuka. Kwetu Tanga mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajifukizi, hana shughuli zaidi ya kukaa na kufiwa. Duka langu dogo la ushonaji lilikuwa limefungwa, cherehani imefunikwa shuka. Watu husema eda ni mapumziko. Mimi sijawahi kuchoka katika maisha yangu kama nilivyochoka kwa kukaa.

Msimamizi wa eda yangu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, muuza vitambaa wa Fordsburg. Ni mwanamke asiyefanya jambo nusu. Alikuja na kalenda aliyopewa buchani, akaitundika jikoni, akahesabu kwa kidole huku midomo ikicheza, akachora duara jekundu kwenye Jumatano moja ya mwezi wa nane.

"Siku hii, wifi, nitakuja kukutoa mwenyewe," akasema. "Kabla ya hapo nisisikie habari ya kwenda popote."

Mimi sikuhesabu. Niliyekaa eda ni mimi, lakini hesabu nilimwachia mwingine kama vile ni yeye aliyefiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nililaumu watu.

Wiki tatu baada ya mazishi akafika mama yangu kutoka Tanga. Ana miaka sabini na minane, na hajawahi kupanda ndege kabla ya siku ile. Alishuka amevaa masweta mawili juu ya baibui, akatazama nyasi zilizokauka za majira ya baridi, akauliza huku ndiko tulikokuja kutafuta maisha? Kisha akaingia ndani, akaona kiti cha mkono kando ya hita, kiti cha mume wangu ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukikalia, akakikalia. Tangu siku hiyo kikawa kiti cha mama.

Sasa niseme kwa nini ule mchezo ulinikaa moyoni. Mume wangu hakutaka binti yetu asomee maigizo. Alitaka uhasibu, kazi ya kukaa mezani, yeye ambaye maisha yake yote aliendesha gari la mizigo la mtu. Miaka mitatu baba na mtoto wakawa wanapeana salamu tu, nami nikawa daraja, kila neno linapita mgongoni kwangu. Lakini wiki zake za mwisho hospitali alimshika mkono akamwambia, mchezo wako mkubwa wa kwanza nitakuja kuuona, nitavaa suti. Hakuuona. Mtoto hakuwahi kunikumbusha ahadi hiyo. Siku moja tu aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, mmoja tu wa nyinyi atakuja, neh?"

Nikamjibu, "Atakuja."

Wiki iliyofuata wakatoa ratiba. Mchezo utaanza Alhamisi na kumalizika Jumapili saa tisa mchana. Duara jekundu lilikuwa Jumatano inayofuata. Siku tatu tu zilitutenganisha.

Nilimwomba wifi. Nilimwambia nitakaa kiti cha nyuma kabisa, nitajifunika gubigubi, nitakwenda kwa teksi na kurudi kwa teksi, hakuna atakayeniona. Akanyoosha kidole kwenye lile duara jekundu.

"Wifi, udongo wa kaburi la kaka yangu bado mbichi, wewe unataka kwenda kuangalia watu wanacheza?"

Ningeweza kubishana. Ningeweza kumpigia simu shehe nikauliza. Lakini mtu aliyechoka hupenda sana kuambiwa hapana, maana hapana haina kazi. Mama alikuwepo siku hiyo, anavuta tasbihi yake kitini. Akaendelea kuvuta.

Basi nikaamua kama siwezi kwenda kwenye mchezo, mchezo utakuja kwangu. Kila jioni binti yangu akirudi na basi la mwendokasi, tulikaa mkekani, yeye akisema maneno ya kikongwe, mimi nikimsomea maneno ya wengine wote. Kiingereza changu ni cha dukani, cha kupima kiuno na kupatana siku ya kuchukua nguo, lakini nilisoma. Mwalimu wao aliwakataza kuiga lafudhi ya Kiirishi. Aliwaambia kila mmoja atafute mtu wa kwao amweke pale jukwaani. Hilo nililisikia kwa sikio moja.

Ulikuwa mchezo wa wanawake tupu. Kikongwe, binti yake aliyefiwa na mume, na wajukuu wawili waliokuja mazikoni na sasa wanashindwa kuondoka kwa sababu mvua haikatiki na maneno hayaishi. Mambo yote yanatokea jikoni. Wanakunywa chai kutwa, wanagombania kabati la vyombo, wanasemana vibaya kwa mapenzi makubwa. Kila mmoja ana jambo analotaka kulisema, na kila akifungua mdomo mwenzake anauliza kama birika limechemka. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria vipande vipande.

"Mawifi hawapo?" akauliza siku ya kwanza.

"Hawamo, mama."

"Basi hao hawajafiwa."

Tukacheka sote watatu, kwa kuziba midomo, maana wifi alikuwa njiani kuja. Siku nyingine akataka kujua wanatia nini kwenye chai yao kila mara wakigeuziana migongo. Mjukuu akamwambia ni pombe, bibi. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Na baridi yao hiyo, Mungu atawahurumia."

Kulikuwa na mahali mjane anazungumza na koti la mumewe lililotundikwa mlangoni. Analiambia koti lishuke, lende zake, watu wanataka kupita. Mahali pale sikuweza kusoma. Nikaweka makaratasi chini. Binti yangu hakuuliza, akayachukua, akasoma zamu yangu na zamu yake, mpaka mwisho wa ukurasa. Nilimpenda sana jioni ile, na nilijionea huruma, mambo mawili ambayo kwangu huja pamoja.

Tiketi niliyowekewa nikampa jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Bukavu, msusi, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alikwenda Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kabla hata sijamaliza chai, akagonga mlango.

"Mama! Ile mutoto yako, eee! Batu balicheka mupaka machozi!"

Nikamwambia akae, anieleze kila kitu, asiruke hata nukta. Akakaa, lakini kukaa kulimshinda, akainuka kunionyesha.

"Angalia vile anaamuka ku kiti. Angalia!"

Akarudi kitini, akaegesha mikono yote miwili magotini, akasukuma, hakuinuka. Akarudi chini, akageuka akakitazama kile kiti kwa hasira, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Akasukuma tena, akarudi tena. Mara ya tatu akafika juu, akasimama mgongo umepinda, mkono kiunoni, akatazama huku na huku, amesahau alichoinukia. Kisha, taratibu, akakaa tena.

"Batu wote, puuu! Muzungu moja mbele yangu alitaka kuanguka!"

Nilijua ni nani kwa msukumo ule wa kwanza. Ningeujua hata gizani. Binti yangu alikuwa amemchukua bibi yake mzima mzima, akampeleka Braamfontein. Nami nikacheka. Nilicheka kicheko ambacho sikuwa nacho tangu siku ya mazishi, kicheko cha tumbo, mpaka nikajifuta machozi kwa ncha ya kanga, mpaka jirani naye akaanza upya kwa kuwa alipata mtazamaji mzuri. Ilinipa raha isiyo na kifani. Na muda wote huo mama alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka kwangu, chai mkononi.

Nilipomtazama alikuwa anatabasamu. Nikajiambia hajaelewa.

Jumapili saa tisa mchana nilikuwa nimekaa mkekani na makaratasi ya mchezo mapajani. Nilikuwa nafuata kwa saa ya simu: sasa wanaingia, sasa birika linachemka, sasa mjane yuko mlangoni na lile koti. Mama alikuwa chumbani, amesema kichwa kinamuuma. Nilifika ukurasa wa mwisho peke yangu, sebuleni, hita inanuka vumbi la moto. Nikalia. Sikulia kwa ajili ya mume wangu mara hii, nililia kwa ajili ya kiti kimoja kitupu kwenye ukumbi, kiti nilichokiahidi.

Binti alirudi kabla ya magharibi, nywele bado zina unga mweupe wa uzee. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Ilikuwa poa, Mama. Watu walisimama."

"Wote?"

"Wote." Akavua viatu. "Nimechoka tu, eish." Akaenda kuoga, akalala na njaa.

Jumatano wifi akaja asubuhi na mapema kama alivyoahidi, na baibui jipya, na udi, na sufuria kubwa la kupikia pilau. Alikuwa mpole siku hiyo. Aliniogesha kichwa mwenyewe, akanichana, akaniambia nimemsitiri kaka yake. Nililia kidogo, naye akalia. Kisha akapiga simu Tanga, kumjulisha shemeji yangu mdogo kwamba tumetoka salama, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Mnamtoa leo?" shemeji akauliza kule. "Mbona keshatoka tangu Jumamosi? Sisi tumesoma hitima Jumamosi baada ya laasiri. Dada, eda inahesabiwa kwa mwezi mwandamo. Wewe umehesabu kwa mwezi gani?"

Wifi akakata simu, akaenda jikoni, akaitoa ile kalenda ukutani. Ilikuwa kalenda ya buchani kwa Waislamu, kila siku ina namba mbili, kubwa nyeusi ya mwezi wa kizungu na ndogo ya kijani pembeni. Miaka thelathini ya kulipa kodi ya duka, kupokea mizigo, kuandikisha watoto shule, imemfundisha kuona namba kubwa tu. Akahesabu upya kwa zile ndogo, kwa ukucha, tarehe moja moja. Alipomaliza akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, na baibui lake zuri.

"Nimekufungia siku nne ambazo si zako, wifi," akasema. "Ewe Mola, nimemfungia mtoto wa watu."

Ningetaka kumkasirikia. Nilikuwa tayari kabisa, miezi minne nilikuwa najiandaa kumkasirikia mwanamke huyu kwa jambo fulani la haki. Lakini macho yangu yalikwenda kwa mama. Kila mtu nyumbani mle alikuwa ameshtuka isipokuwa yeye. Alikuwa anapoza chai yake, ameitazama chai tu.

Wifi alipoenda kutawadha nikamsogelea.

"Mama, ulijua?"

"Nimekaa eda mara mbili," akasema. "Nitaachaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika. Nilitazama mwezi kwenye dirisha la choo, huku kwingine kote ni majumba. Nikamwacha wifi yako na duara lake, maana ukibishana na mfiwa unapata dhambi. Nikasema moyoni, Jumamosi ikiingia laasiri nitakwambia, Jumapili utakwenda. Baibui nimelipiga pasi Ijumaa. Liko chini ya mto wangu mpaka sasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaweka kikombe chini.

"Yule msusi hakunikera. Na wale wazungu walioanguka huko, hawanijui, wacheke. Lakini wewe ulicheka." Alisema polepole, bila lawama, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Nikajua ukienda utakaa katikati yao gizani, utacheka tena. Sikutaka. Ni ubaya, najua. Nimemnyang'anya mtoto mama yake siku yake. Nilikaa chumbani Jumapili nikiona haya, lakini sikutoka."

Nilitaka kumwambia nilicheka kwa sababu nampenda, na ingekuwa kweli, lakini ukweli wa namna hiyo haumsaidii aliyechekwa. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kutoka nje, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne hakukuwa na mtu wa kunizuia. Nilibaki nimesimama pale pale.

Binti akaingia mchana kwa ajili ya pilau. Alimkuta shangazi yake macho mekundu, akauliza kuna nini. Wifi, ambaye hafanyi jambo nusu, akamweleza kila kitu, namba kubwa na namba ndogo, akapiga kifua chake mwenyewe.

"Mama yako alikuwa huru Jumapili. Mimi ndiye niliyemzuia. Nisamehe, mwanangu."

Binti yangu akanitazama. Nilimwona anavyoimeza habari ile. "Sharp, shangazi," akasema, kwa maana ya sawa. "Siyo mbaya." Ilikuwa mbaya. Alikuwa anatumia sauti ileile aliyokuwa akimsalimia nayo baba yake.

Ningeweza kumwambia habari ya mama. Nilimtazama mama, naye akanitazama, akajua nimekaribia kusema. Nikasema, "Tulikosea sote. Hata mimi sikuhesabu."

Hapo mama akaita. "Mke mwenzangu." Ndivyo anavyomwita mjukuu wake, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Njoo hapa. Nionyeshe ninavyoinuka."

Binti akaganda. "Bibi, huyo siyo wewe. Ni mwanamke wa Ireland."

"Basi nionyeshe huyo wa Ireland."

Mama ikabidi aache kiti ili mwenzake akikalie. Akaegesha mikono magotini, akasukuma, akarudi. Akasukuma tena. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaukataa kwa kichwa. Mara ya tatu akasimama, akasogea pembeni, akashikilia ukuta.

Binti yangu akakaa. Hakuwa na unga kichwani wala sketi ya mchezo, alikuwa na jinzi na begi bado begani. Akaliweka begi chini. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa, uso ukalegea, mabega yakashuka, na yule msichana wangu hakuwepo tena. Akasukuma mara ya kwanza. Jirani alikuwa amenionyesha kichekesho. Huyu hakuwa anafanya kichekesho. Kila mara aliporudi kitini nilimwona mtu anayejiuliza kama kuna haja ya kuinuka, na anayeinuka kwa sababu kuna watu wanamwangalia. Akafika juu, akasimama pale, amesahau, na akajua kwamba amesahau, na akaogopa.

Hakuna aliyecheka. Wifi alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

Mama alimwangalia mpaka mwisho.

"Kumbe nimechoka hivyo," akasema.

Kisha akageuka, akanitazama mimi, sio mjukuu wake.

"Na wewe unaniona hivi kila siku. Hukuniambia."